Kipaza Sauti cha Bi Habiba

Farhan alikuwa fundi simu pale sokoni Kiwangwa, na siku ile alikuwa radhi kutengeneza hata pasi ya mkaa, mradi iwe ya Bi Habiba. Posa yake kwa Ashatu, binti wa Bi Habiba, mshenga alikwishaipeleka zamani na jibu lilikuwa halijatoka. Sababu ilijulikana soko zima. Bi Habiba na Bi Mwajabu, mama mzazi wa Farhan, waliuza mananasi meza zao zimegusana, na hawakusalimiana hata siku moja. Kila mmoja alidai yeye ndiye mkubwa, basi kila mmoja alisubiri shikamoo ya mwenzake. Walisubiri mpaka wakazeeka wote wawili.

Sasa Bi Habiba alileta kipaza sauti chake cha mkononi, kile cha kuitia wateja.

"Mwanangu, kila nikikiwasha kinanisemesha Kichina. Mimi mtu mzima! Nataka kiniamkie."

"Hilo dogo, mama," alisema Farhan.

Halikuwa dogo. Alichomeka waya, akaivuta programu yote ya ndani ya kipaza ikaingia kwenye kompyuta, faili moja iliyokazwa kama mzigo wa mitumba. Ilipokataa kufunguka, aliipachika kwenye kompyuta kana kwamba ni flashi, na hapo ikaachia: folda ndani ya folda, na katika folda ya sauti, yule mama aliyekuwa akimsemesha Bi Habiba Kichina. Farhan alimtoa, akarekodi shikamoo kwa sauti yake mwenyewe mahali pale, akaifunga programu upya na kuirudisha kwenye kipaza.

"SHIKAMOO!" kilinguruma kipaza mkononi mwa Bi Habiba, katikati ya soko.

Kabla mwenyewe hajafungua mdomo, meza ya jirani ilijibu.

"Marahabaaa!" aliitikia Bi Mwajabu. "Alhamdulillahi. Leo Habiba kaniamkia!"

Soko likaangua kicheko. Bi Habiba alirudi kwa Farhan mbiombio, khanga inaburuzika.

"Umeniuza kwa mamako! Sasa kiseme marahaba. Marahaba tupu! Waniamkie wasiniamkie, mimi nimeshaitikia. La sivyo, huyo mshenga wako asikanyage kwangu."

Farhan aliona dunia imekuwa finyu. Mama ni mama, lakini Ashatu naye ni Ashatu. Akaivuta tena ile programu, akaipachika, akafuta shikamoo na kutia marahaba nene, ya kiutu uzima, kwa sauti yake ileile. Mapenzi yalikuwa yamemla akili.

Bi Habiba alirudi mezani kwake, Farhan akimfuata, akakielekeza kipaza meza ya jirani, akabonyeza.

"MARAHABA!"

Bi Mwajabu hakucheka. Aliliweka chini nanasi alilokuwa akilimenya.

"Hiyo sauti ya Farhan," alisema taratibu. "Mtoto niliyemnyonyesha ananiitikia marahaba. Kwani mimi ndiye wa kumwamkia?"

Farhan alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Habiba alikitazama kipaza, akamtazama mwenzake anavyofuta macho kwa pindo la khanga, na uso ukambadilika.

"Wewe kijana!" alifoka. "Unamwitikia marahaba aliyekuzaa? Na mimi mkweo utanifanyaje?"

"Lakini mama, si wewe ndiye uliye..."

"Nyamaza!" walisema wote wawili.

Bi Habiba akakihamisha kigoda chake, akaketi upande wa meza ya Bi Mwajabu.

"Huyu hana adabu, dada Mwajabu."

Lile neno dada lilimtoka hivihivi, wala hakulisikia. Bi Mwajabu alilisikia. Machozi yalikauka palepale.

"Hana kabisa, mdogo wangu," alisema kwa upole mwingi. "Na mimi nimeshamchoka. Tumwoze tu, mkewe atamfunza."

"Tumwoze!" alisema Bi Habiba kwa hasira. "Tena upesi, Ijumaa hii hii!"

Farhan alisimama na waya wake mkononi, akiogopa hata kutabasamu.