Mlango wa Chiriku

Siku Chiriku aliporudi kutoka hospitali, alikolazwa baada ya kujaribu kujitoa uhai, baba yake aliung'oa mlango wa chumba chake kabla hata hajanywa maji. Alitaka kumwona binti yake muda wote, basi. Na kwa kuwa ni seremala, asiyeweza kuona mbao zimekaa bure, aliukata ule mlango akatengeneza vigoda vya jikoni.

Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa kuwa alikuwa haishi maneno. Sasa alikuwa msichana mkubwa, na maneno yalikuwa yamemkauka. Nguo alibadilishia bafuni. Kila alipogeuka kitandani, baba huyo anapita, mara anatafuta penseli, mara futi kamba, na vyote vilikuwa mfukoni mwake.

Kliniki, mshauri wa vijana alimuuliza mbele ya wazazi anataka nini nyumbani.

"Mlango," Chiriku akasema.

Baba akaruka. "Hilo sahau! Niombe kingine chochote, mwanangu."

"Baba, hata kulia siwezi. Nikianza tu, umeshafika."

Maskini, ilikuwa kweli tupu. Mshauri akawaambia walifanya vizuri kukaa karibu naye siku za mwanzo, na vidonge viendelee kufungiwa kabatini. Ila sasa hali imetulia kiasi. Mlango urudi, usiwe na komeo, na Chiriku akizidiwa aite.

"Utaita?" baba akamuuliza.

"Nitaita."

"Tatizo, mlango wenyewe tunaukalia," mama yake akasema, na Chiriku akacheka kidogo, kicheko cha puani. Kwa kicheko kile baba yake angetengeneza milango ya mtaa mzima.

Kwenye karakana alimpa Chiriku ashike upande wa pili wa ubao huku yeye akipiga randa. Walifanya kazi mpaka baba alipopima mwanya wa chini ya mlango, mpana kupita kiasi.

"Huo ni wa kuchungulia miguu yangu?"

"Wa hewa."

"Baba!"

Akaupunguza.

Jioni mlango ulifungwa kwenye bawaba. Chiriku akaingia chumbani, akaurudishia taratibu. Baba akabaki nje na bisibisi mkononi.

"Baba, najua uko hapo."

"Nakagua bawaba."

"Bawaba ziko sawa. Nenda kale."

Akaenda jikoni, akakalia kigoda kando ya mkewe. Mara wakamsikia Chiriku analia, kilio kirefu, cha mtu aliyekibana kwa muda mrefu. Baba akainuka. Mkewe akamdaka shati.

"Kaa, baba. Mwache alie."

Akakaa, na machozi yakamtoka yeye pia, hakuyaficha. Tangu aanze useremala, hakuwahi kupewa kazi ngumu kama ile ya kukaa.

Kilio kikapungua, kikaisha. Nyumba ikawa kimya, na kimya kile ndicho alichokiogopa kuliko kilio. Akaishika meza kwa mikono miwili.

Kisha mlango ukagongwa, kutoka ndani.

"Hodi," Chiriku akasema, sauti ikikwaruza. "Nimezidiwa. Njooni."

Baba alifika kabla kigoda hakijamaliza kuanguka. Mkono ulikuwa umeshanyooka kuusukuma mlango, akaurudisha.

"Karibu, mama," akasema, akangoja aufungue mwenyewe.