Rundo Lililohamia Kijijini

Mwaka wa Operesheni Vijiji, Ndugu Clementi wa serikali alivuka kwa mtumbwi kutoka Kisorya kwenda kukagua kisiwa kidogo ambacho wakazi wake walitakiwa kuhama. Alivaa soksi ndefu na kubeba kamba ya kupimia. Bibi Nyamburi, mjane mwenye maneno mengi na meno machache, alimpokea akamtembeza.

Walipita mashamba ya muhogo hadi kwenye rundo la magamba ya konokono wa ziwani, refu kupita nyumba. Watu wa kale walikuwa wamelikalia, wakila konokono na kutupa magamba kama walivyofanya miaka yote. Pembeni alikaa marehemu Mwikwabe, mume wa Nyamburi, aliyefariki mwaka juzi na bado alionekana mgeni mgeni.

"Hapa mtu anakulaga kwanza, anatupa gamba, ndo anasalimiwa," Nyamburi alisema.

Clementi akala, akatupa gamba lake juu ya rundo. Wote wakamsalimia kwa furaha. Konokono walikuwa watamu, akaomba tena. Kisha akatangaza kwamba Alhamisi kila mtu ahame.

"Mi mzee wangu simwachi, mwanangu. Niacheni nibaki naye."

"Mama, amri ni amri. Marehemu hawamo kwenye operesheni."

Alhamisi Nyamburi alihamishwa pamoja na kuku wake. Alilia njia nzima, na alikuwa na haki ya kulia. Nyumba yake mpya ilikuwa ng'ambo, mlimani, katikati ya mstari wa nyumba za kijiji, mbali na maji.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walilikuta rundo nyuma ya nyumba yake, limelowa chepechepe. Mwikwabe alikuwa juu anakamua shati. Majirani wakaleta viazi. Clementi akaja na kamba, akapima, akasema limetoka nje ya mstari. Rundo likasogea kidogo.

"Hapo sawa," akasema.

Kwa kuwa gamba lake lilikuwa humo, naye alikaribishwa kula. Akapanda, akakaa katikati ya watu wa kale.

"Mzee nimeshampata," Nyamburi alimwambia, akicheka kwa raha. "Sasa turudi wote nyumbani, mwanangu."

"Haiwezekani, mama."

Nyamburi akaacha kucheka. Mwikwabe akamsogezea nafasi, mkewe akakaa. Kutoka pale juu kisiwa kilionekana chote, mihogo ikiwa imestawi vizuri.

"Kisiwa kizuri kile," Clementi alisema, akitupa gamba. "Kimekosa watu tu."