Mboni ya Bibi Koleta

Bibi Koleta wa Kwihara aliletwa Chemchem, nyumbani kwa binti yake Martha, ili atolewe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na mchele aliouchambua yeye ulikuwa unavunja wageni meno. Madaktari wa macho waliopiga kambi hapo mtaani walikuwa wanaondoka Ijumaa. Alhamisi asubuhi, majirani wamejaa sebuleni na chai inazunguka, bibi akagoma.

"Sisi kwetu Unyamwezi kuona ni kubona," alisema. "Mboni ndiyo inayobona, jina lake limetoka hapo hapo. Wakimvuta huyo mtoto, mboni itamfuata. Nitabaki na matundu."

Martha akaanza kulia. Najiat, ambaye habari za mtaa mzima hulala kwake, akamtaja shangazi yake aliyetibiwa mwaka jana, sasa anatunga uzi kwenye sindano.

"Huyo wa mjini, kwao ni kuona tu," bibi alijibu. Basi.

Majidi fundi bati akaweka kikombe chini. Yeye ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara.

"Bibi, hata sisi wa pwani zamani tulikuwa na hiyo b. Wapagazi wenu walipoiona bahari wakapiga ukelele, tukashtuka, ikatuponyoka. Ikasalia kwenye mboni tu, imejibanza. Miaka yote hiyo haijatoka, leo itolewe na daktari mmoja?"

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, ila hakuinuka.

Majidi akaichukua fimbo ya mpingo ya bibi, aliyoachiwa na marehemu mumewe, Leodgar.

"Naitundika mlangoni kwa madaktari. Na sitaki kuku wa kuikombolea. Fidia ni jicho moja, la kushoto."

Hakuna aliyemzuia. Mtani akichukua hupigi kelele, unakwenda kukomboa. Bibi akaisukuma chai yake kando.

"Martha, nipe khanga. Fimbo ya Leodgar haiwezi kulala kwa Mzaramo."

Alitibiwa jicho hilo mchana ule ule. Ijumaa bandeji ikafunguliwa, Majidi amesimama mbele yake na fimbo. Bibi akamkagua, kuanzia kipara hadi ndala.

"Martha! Huyu ndiye mnayempa chai kila siku? Mwambieni daktari anirudishie ukungu wangu."

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua fimbo bila kupapasa.