Gari la Mkanda

Kavuo alikuwa na kinyongo kilichonona. Alikilisha kila Jumapili kanisani, akitazama kisogo cha Omer, expert wa bureau ya assurance, yaani mkaguzi wa kampuni ya bima, aliyekuwa akipokea komunyo kama mtu safi. Wanawake wa mtaa wao wa Vulamba walimwambia, "Mungu atalipa." Kavuo hakuona haja ya kumsumbua Mungu kwa kazi aliyoiweza mwenyewe.

Kisa chenyewe ni gari. Mumewe, Syauswa, alirudi kutoka Dubai na kigari cha Kijapani kisicho na vitesse, yaani gia. Ndani ya boîte, sanduku lake la gia, hapakuwa na meno ya kubadilisha. Palikuwa na mkanda wa chuma uliozunguka kati ya puli mbili, gari likaongeza mwendo polepole bila kushtuka. Majirani walicheka kwamba linalia sauti moja kama mashine ya kusaga mihogo. Syauswa alilipenda kuliko suti yake ya harusi. Akalikatia assurance ile kubwa, inayolipa hata dereva akifa, akaanza kubeba abiria kati ya Butembo na Beni.

Siku moja, akirudi peke yake, mkanda ulikatika akipanda mlima. Gari likarudi kinyumenyume, likatumbukia bondeni. Waliomtoa walimleta nyumbani amefunikwa blanketi.

Watu wangali matangani, Omer akaja na ule mkanda ndani ya mfuko wa saruji. Mbele ya wakwe, mbele ya padri, akauweka juu ya meza ya chakula, kando ya sahani ya ugali.

"Dereva alikuwa anashuka roue libre," akasema. "Anazima moteur kwa muteremuko, gari inajiendea yenyewe. Moteur ikizimwa, mafuta ya boîte hapana kufika kwa hii mukaba, mukaba inaungua. Ni kosa yake. Assurance hapana kulipa."

Basi. Petroli wakati ule wa vita ilikuja kwa madumu kutoka mpakani, na kila dereva aliihesabu kwa matone, wengi wakizima injini mteremkoni ili kuiokoa. Lakini ni Syauswa aliyegeuka mfano wa mji mzima, mtu aliyejiua kwa ubahili. Watoto wake waliimbiwa hayo shuleni. Bureau nayo ikaongeza sharti kwa magari yote ya mkanda: anayeshuka moteur imezimwa hana bima. Omer ndiye aliyelitunga. Kavuo akauza maharage, akalea watoto, akaapa mbele ya yeyote aliyetaka kusikia kwamba mumewe hakufanya upuuzi ule. Kwake, mkanda ulikuja mbovu tangu huko gari lilikonunuliwa. Fidia alishaisahau. Alichotaka ni Omer ale aibu ileile, kwenye sahani ileile.

Dunia haiishiwi vituko. Omer naye akanunua gari la aina hiyohiyo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mkoa mwingine, aliyeogopa ile milima pamoja na barrière, vizuizi vya wanajeshi, siku aliyotakiwa kupanda ndege kwenye uwanja wa Mavivi, karibu na Beni, alitafuta dereva. Akampata Maliro, mdogo wake Syauswa. Omer hata hakuikumbuka sura yake. Aliyechoma nyumba ya watu hakumbuki rangi ya mlango.

Kavuo aliposikia, alimwahi Maliro asubuhi, akamkuta uani anapiga mswaki.

"Maliro, leo utanisaidia. Kila muteremuko, uzime moteur. Mukaba ikatike, abaki kwa barabara na masanduku yake, ndege iende. Na assurance imukatalie kwa maneno yake mwenyewe."

Maliro akatema maji. "Lakini Yaya, dada yangu, hapana lazima kuniomba. Mi naendeshaka vile siku zote."

"Hii hapana camion yako ya mizigo. Ni gari ya mukaba."

"Gari ni gari. Ile maneno ya mukaba ni uongo ya batu ba assurance, banakatalaka kulipa. Kaka alikuwa anashukaka roue libre kila siku na ile gari, mi niko pembeni yake. Ni yeye alinifundisha."

Kavuo alishika ukuta.

"Ulijua? Na ulinyamaza?"

"Ulikuwa unalia, Yaya. Ningesema nini?"

Hasira ilimpanda, ikatafuta mtu wa kumwangukia. Aliyestahili alikuwa kaburini. Hata hivyo jambo moja lilimwingia akilini likiwa baridi: kile kilichomuua mume wake ndicho alichokuja kumwagiza shemeji yake akifanye. Akamkataza palepale. Maliro akaitika "oui, oui," kama madereva wanavyowaitikia polisi. Nje honi ikapigwa; Omer alikuwa amefika na gari lake.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa chungu kama kwinini: kumwambia Omer amchunge. Na kumwambia Omer ni kukiri kwamba tangu mwanzo alisema kweli. Kavuo akatoka, akasimama kwenye dirisha la gari.

"Bwana expert, huyu atazima moteur kwa muteremuko. Batu betu bote banafanyaka vile." Akainamia dirisha. "Hata bwana yangu."

Omer akamtazama, na sasa akamtambua. Akafungua mdomo.

"Hapana kusema kitu," Kavuo akamkata. "Mi nakuchukia leo sawa na jana. Uliweka ile mukaba juu ya chakula ya matanga."

Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya Maliro.

Mteremko wa kwanza, mkono wa Maliro ulienda kwenye ufunguo. Kavuo akaupiga kofi. "Pardon, Yaya," akasema, na mteremko uliofuata ukaenda tena. Akaupiga tena. Walipokaribia Beni, hewa ikianza kuwa ya joto, mkono ukaondoka polepole kwenye usukani, vidole viwili vikitangulia, vilevile Syauswa alivyozoea kupeleka wake kwenye chumvi mezani. Kavuo akaupiga, akaupiga, hakuacha kuupiga hata Maliro alipopiga kelele na kulisimamisha gari pembeni.

"Yaya! Unaniua!"

"Nilikutetea!" Kavuo alikuwa akilia kwa sauti, macho mbele barabarani. "Nilikutetea kwa batu bote, nilikutetea kwa batoto! Mimi! Na wewe ulijua, Syauswa, ulijua!"

Kwenye kiti cha nyuma, Omer alikumbatia sanduku lake. Maliro alikuwa akisugua mkono. Kavuo akajifuta uso kwa pindo la kitenge.

"Endesha," akasema. "Moteur iwake."