Vidoti Viwili vya Mama Scola

Scola aliporudi Ilembo na cheti chake cha kompyuta, mama yake, Gaudensia, alingoja ajira. Kilichokuja ni gemu. Binti alishinda mkekani na kompyuta yenye ufa kwenye kioo, akichora kuku mwenye shingo tupu. Kuku huyo aliingia nyumba za watu kutafuta hazina, na hazina zenyewe, Mungu atusamehe, zilikuwa mwiko, ungo, kibatari, pasi ya mkaa, kandambili ya mguu wa kushoto na kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Kila alichookota kilipanda kwenye kabati la vioo. Kabati likijaa, kuku alitaga, na mchezaji akahamia nyumba nyingine.

"Hicho ndicho ulichosomea?" Gaudensia aliuliza.

"Kwenye gemu nyingine watu wanaokota dhahabu, mama," Scola alijibu bila kuinua macho. "Dhahabu hapa Mpanda kila mtu ana shemeji anayeichimba. Pasi ya mkaa je, nani anayo?"

Gaudensia alitupia jicho juu ya kabati, maana pasi yake ya mkaa ilikuwa huko na hakuna aliyeigusa tangu umeme ulipofika.

Vyombo havikuwa vya kubuni. Scola alizunguka kwa ndugu na majirani, Ilembo, Sitalike, mpaka Kasekese kwa mjomba wake Thadei, akapiga picha kila chombo pande zote, juu na chini. Ndani ya gemu, ukikigusa chombo kinazunguka polepole na kukuonyesha mpaka kitako chake. Hapo ndipo utamu ulipokuwa, kwa sababu huku hakuna sufuria isiyo na alama kitakoni. Vyombo vinaazimwa kwa misiba na harusi, vinaoshwa pamoja na vya mtaa mzima, na asiyeweka alama anarudi nyumbani na sahani ya mwenzake au harudi na kitu. Kuna anayefunga uzi kwenye mkono wa sufuria, kuna anayekwaruza herufi kwa msumari. Gaudensia alitumia rangi ya kucha, nyekundu.

Gemu ikarushwa simu hadi simu, na mtaa ukapata kazi. Watu waliokuwa hawajui hata kutuma ujumbe walionekana vibarazani wakimhangaikia kuku. Mama mmoja ambaye kinu chake kilipewa pointi nyingi alianza kuwakataza wageni wasikikalie. Gaudensia, aliyeicheka gemu kuliko wote, mchana mmoja alimaliza kuchambua mchele, akanawa mikono, akasema kama mtu asiyejali, "Hebu lete hiyo simu."

Alicheza vibaya, lakini kwa bidii. Alipofika nyumba ya Kasekese, kuku alipita uani na kukuta bata wawili wakioga ndani ya sufuria kubwa. Hazina hiyo ilikuwa na pointi kuliko zote, na Scola alikuwa ameipa jina: Hodhi la Bata. Gaudensia aliigusa. Sufuria ikawamwaga bata, ikainuka, ikaanza kuzunguka. Kitakoni, katikati ya masizi, palikuwa na vidoti viwili vyekundu, na cha pili kilikuwa na mkia.

Mkia huo aliujua. Siku alipokuwa anaweka alama, jogoo alimrukia mapajani, mkono ukateleza. Duniani hakuna vidoti vingine vya namna hiyo.

Sufuria hiyo ilipotea kwenye msiba wa baba mkwe wake, miaka kadhaa nyuma, Scola akiwa chuoni. Aliyesimamia kuosha vyombo siku hiyo alikuwa jirani yao Ng'washi, mama Masele, Msukuma aliyehamia Ilembo na mumewe na ng'ombe wao, mama mwenye maneno machache na mikono isiyochoka. Vyombo viliporudishwa sufuria ikakosekana, na Gaudensia, mbele ya akina mama wa mtaa, alisema, "Mwoshaji ndiye anayejua." Hakutaja jina. Hakuhitaji. Tangu siku hiyo Ng'washi hakukosa msiba hata mmoja. Aliteka maji, alibeba kuni, lakini chombo cha mtu hakukigusa tena. Alikuja na sahani yake ndani ya mfuko wa plastiki, akala chakula humo, akaiosha, akairudisha mfukoni, akaenda zake. Watu walikwisha kuizoea ile sahani. Gaudensia naye aliizoea, na mara nyingine aliitazama kama ushahidi.

Alimpigia simu Thadei papo hapo.

"Sufuria ya bata?" mdogo wake alicheka. "Si ulinipa mwenyewe, dada! Mvua ilikuwa imeanza, sisi tumeshapanda kwenye gari, ukaja mbio na wali uliobaki, ukasema tutakula njiani. Nikajua umetoa na chombo chake."

"Mbona hukusema?"

"Wewe uliniuliza?"

Hakumuuliza. Hakumshuku ndugu yake kabisa, alimshuku mgeni. Picha yote ikamrudia, mvua, kitenge kilicholowa, mikono yake mwenyewe ikiisukuma sufuria miguuni mwa shangazi zao. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha, kwa kuwa aibu haimfanyi mtu kuwa mwema mara moja, akawaza kwamba gemu iko kwenye simu za mtaa mzima.

"Scola, hivi vidoti vinafutika?"

"Dakika moja tu. Naweka kitako kisafi, natuma upya." Scola alimtazama mama yake. "Kwani vina nini?"

"Vinaharibu picha. Futa."

Scola aligeukia kompyuta. Alifuta, akaongeza na nyumba moja ya Sitalike ili watu wapate hamu ya kuchukua gemu mpya. Kufika jioni sufuria ilizunguka kitako chake kikiwa kimetakata, na Gaudensia alilala usingizi mzuri, jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko mengine.

Asubuhi alimkuta Ng'washi bombani, ndoo yake ikiwa imekwisha kujaa. Walisalimiana kama walivyosalimiana miaka yote, kwa adabu na kwa mbali. Gaudensia aliinama kuweka ndoo yake.

"Mama Scola," Ng'washi alisema, "gemu ya mwanao juzi ilikuwa na vidoti. Leo havimo."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Mkwe wangu Monika ndiye alinionyesha," Ng'washi aliendelea, sauti ileile ya kuulizia bei ya chumvi. "Ile sufuria nimeiosha mara nyingi, naijua kuliko wewe. Nikamwambia Monika, nyamaza, mwenyewe atakuja. Nikapika na chai. Nimekusubiri."

"Mama Masele, mimi..."

"Ulipoiona, ukakimbilia kufuta."

"Niliogopa."

"Mimi nimeogopa miaka mingapi?" Ng'washi alijitwisha ndoo. "Nilisemwa mbele za watu. Usije kwangu na kuku, usije na kitenge, sitapokea. Mbele ya wengi ndipo nilipoharibiwa."

Akaondoka, na maji hayakumwagika hata tone. Ndoo ya Gaudensia ilijaa, ikafurika, ikamlowesha miguu, na mama aliyekuwa nyuma yake akamwambia afunge bomba.

Alirudi nyumbani akamkuta Scola anaswaki.

"Virudishe vile vidoti."

"Mama, si ulisema..."

"Virudishe. Na mkia wake." Halafu akakaa kwenye ngazi na kumweleza binti yake yote, pamoja na jinsi alivyolala usingizi mzuri. Ilikuwa vigumu, maana Scola alikuwa akimsikiliza huku povu la dawa ya meno likimkauka mdomoni, na hakumpunguzia kwa kusema kwamba si kitu.

Siku iliyofuata Gaudensia alipanda gari la Kasekese. Thadei aliwafukuza bata, akamkabidhi sufuria yenye utando wa kijani na manyoya, akatania kwamba sasa hazina yake yenye pointi nyingi inaondoka. Gaudensia hakucheka. Alirudi ameipakata, ikinuka, na abiria mwenzake alifungua dirisha mapema.

Haukupita muda mtaa ukapata msiba. Turubai likafungwa, mafiga yakawashwa, akina mama wakakusanyika uani na vyombo vyao. Ng'washi alikuwa anashusha kuni, mfuko wenye sahani ukining'inia mkononi. Gaudensia aliingia na sufuria kichwani, akaishusha katikati ya uwanja, akaigeuza kitako juu. Alikuwa ameiacha vilevile kama alivyoipokea, chafu. Aliona akiitakatisha itakuwa kama kufuta tena.

"Jamani, nyie wote mnaijua sufuria hii," alisema. "Niliwaambia mama Masele ameichukua. Nilimsingizia. Niliitoa mwenyewe kwa mikono hii, ikaenda kwa mdogo wangu Kasekese, na mdogo wangu sikumuuliza. Nilimshuku huyu kwa sababu si wa kwetu. Halafu gemu ilipoionyesha, nikaamuru ifutwe. Mama Masele, nakuomba radhi, na hawa wasikie."

Mama mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kumtikisia Ng'washi kichwa siku aliposingiziwa, ghafla akawa anatafuta chumvi. Mwingine alipuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Ng'washi aliweka kuni chini. Aliutundika mfuko wake kwenye msumari wa ukuta, akaja taratibu, akachuchumaa. Aliivuta sufuria, akaomba mchanga, akaomba majivu, akakunja kipande cha steli waya na kuanza kusugua. Utando ukatoka, manyoya yakatoka, chuma cheupe kikaanza kuonekana. Alisugua ndani, akasugua ubavuni, akaigeuza. Alipofika kitakoni aliiweka kando steli waya, akachukua kitambaa kilicholowa, akakizungusha kwenye ncha ya kidole, akaosha kuvizunguka vile vidoti kidogokidogo bila kuvigusa.

Gaudensia alisimama akitazama. Kwa steli waya na mchanga, rangi ya kucha haiwezi kudumu hata msiba mmoja. Miaka yote aliyoazimisha sufuria hii ilirudi na alama yake, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Ng'washi aliimwagia sufuria maji ya mwisho, akaiinamisha ichuruzike, akaikagua kitako kwenye mwanga.

"Mkia umefifia," alisema. "Ukifika nyumbani uupake tena."