Khitma ya Kidawa

Bi Mwamvua alikuwa na riwaya moja tu kifuani, na keshaiandika. Jumatatu ilikuwa iende kuchapwa. Ilihusu nyumba ya watoto walemavu aliyokulia, nje ya mji, nyumba ambako wazee walimleta mtoto mchana kweupe kisha wakasahau njia ya kurudi kumtazama. Aliapa kuandika kweli tupu. Sura iliyomliza kila aliyeusoma mswada ilikuwa ya kifo cha Kidawa, rafiki yake wa kitanda cha pili.

Alfajiri moja Kidawa, akiwa na homa, alibebwa amefunikwa kanga. Kitanda kikakunjwa, na mama mlezi akashinda analia. Hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza. Tangu Mwamvua awe na kwake, kila Shaabani alimsomeshea rafiki yake khitma, na majirani wa Michenzani wakala pilau wakamwombea marehemu.

Ijumaa alasiri mlango wa fleti yake uligongwa kwa gongo.

"Hodi kwa Kichwa Nazi."

Mwamvua akaganda. Jina hilo lake la utani la utotoni walilijua watu wawili tu duniani, na mmoja alikuwa ahera. Akajikongoja na magongo yake, akafungua. Mbele yake alisimama kibibi kifupi, miguu imepinda kama upinde, buibui limejaa vumbi la njiani, kovu lile lile kidevuni. Mwamvua akaanza kusoma Ayatul Kursi, akapotea katikati.

"Endelea," mgeni akasema. "Ukikosea nitakurekebisha, kama zamani."

Mwamvua akakaa kitako, nusura akikose kiti. Kidawa akaingia bila kukaribishwa, akaeleza. Asubuhi, kwake kijijini Fumba, alikuwa anamenya muhogo, redio imefunguliwa, akamsikia mtunzi mmoja akisoma kisa cha mtoto Kidawa binti Abrahman, mwenye kovu kidevuni, aliyefariki kwa homa. Wajukuu wakamgeukia wote kwa pamoja. Mtangazaji alipomtaja mtunzi kuwa Bi Mwamvua wa Michenzani, akavaa buibui, akaja akiulizia njia. Kumbe alfajiri ile alichukuliwa na ami yake, na mama mlezi alilia kwa kuwa alimpenda.

Mwamvua, kwa aibu, akakiri habari ya khitma.

"Mlipika nini?"

"Pilau."

"Ya kuku au ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe. Mwaka jana ya mbuzi."

"Ya mbuzi," Kidawa akarudia taratibu. "Mnakula pilau yangu miaka yote hiyo, na mimi Fumba nnatafuna muhogo."

Hapo Mwamvua akapasuka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na Kidawa naye akacheka mpaka akaomba maji. Kisha akataka asomewe kifo chake chote, maana redioni walikikata njiani. Mwamvua akasoma. Kidawa akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Maskini, mtoto mzuri huyo," alisema. "Muache afe, Mwamvua. Mimi sijawahi kuliliwa hivyo. Kule kwa ami nilidhani mmenisahau."

Mwamvua akazitazama karatasi. Ndiyo sura aliyoipenda kuliko zote, na sasa mwenyewe kampa ruhusa. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Mkono wake ukazishika karatasi, ukaziachia, ukazishika tena.

"Hapana," alisema mwishowe. "Makwetu walituhesabu maiti, na sisi tuko kule kwa mama mlezi tunacheka. Leo nami nikuhesabu vivyo hivyo?"

Akampigia simu Sabri, mchapishaji wake. Sabri akalalama sana. Sura ile, alisema, imemliza hata msanifu wa jalada, mtu asiyelia hata msibani. Bi Mwamvua anaiondoa kwa sababu gani?

"Marehemu yuko hapa kwangu," Mwamvua akajibu, "na ana njaa."

Sabri akampa wiki moja.

Basi Mwamvua akaichana sura nzima vipande viwili, roho ikimuuma na midomo ikicheka. Akavuta karatasi mpya, akamtaka Kidawa aeleze alivyoondoka, na asiongeze chumvi. Kidawa akajiweka sawa kitini. Alisema ami alimpakia kwenye baiskeli, mgongoni kamfunga kwa kanga, na yeye, homa na yote, alimng'ata sikio kutoka getini mpaka Fumba.

"Sikio lipi?" Mwamvua akauliza, kalamu juu.

"La kushoto. La kulia nilimwachia asikie matusi."