Kilichong'aa Shingoni

Kazi yangu ilikuwa kulisha panya, na mwaka huo wa 2006 panya wa kituo chetu cha utafiti pale Kilimani walikula vizuri kuliko mimi. Walikuwa wametiwa jeni ya kiumbe cha baharini kinachong'aa, hivi kwamba tezi yao ya thaimasi, iliyo juu ya moyo, ilitoa mwanga wa kijani ukiimulika kwa taa ya buluu. Humo ndimo seli T, askari wa mwili, hufunzwa kumtambua adui. Caren, mwanafunzi wa Daktari Nthiwa, aliwatoa panya kumi tezi hiyo, akangoja askari waishe.

Hawakuisha. Alipima damu mara tatu, bado walikuwapo.

"Umebakisha vipande," Daktari alifoka. "Mkono wako haujui kazi. Ijumaa unarudisha funguo."

Hasira ilinipanda. Mimi ndiye niliyemshikia taa siku ya upasuaji, na vifuani hapakubaki kitu. Lakini mlisha panya atamwambia nini daktari? Niliendelea kugawa chakula, nikijichukia.

Kila alfajiri, kabla ya kazi, mimi humsaidia shemeji yangu kwenye bucha lake Kabiria. Alhamisi nilikuwa nasafisha mwanambuzi, nikafika kwenye ile nyama laini, nyeupe, inayoanzia shingoni na kushuka hadi kifuani. Mbuzi mzee hana. Siku zote huitupia paka bila kufikiri. Siku hiyo niliishika mkononi, nikaona inafanana na ile tezi ya panya, nikaitazama mpaka mteja akanigombeza.

Kituoni nilimkuta Caren akipanga vitu vyake kwenye katoni.

"Hawa panya, ulicheki shingo?"

"Shingo ya nini, Baba Jackie? Vitabu zote zinasema ni kifua."

"Hizo vitabu zishawahi chinja mbuzi?"

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Tulimchukua mmoja wa wale kumi, akamuua kwa dawa, akampasua shingo taratibu. Nikawasha taa ya buluu. Kando ya koo paling'aa kitu cha kijani, kidogo kama punje ya wimbi.

Daktari aliitwa. Aliinama, akafuta miwani, akainama tena. Akampasua wa pili kwa mkono wake mwenyewe, na wa tatu. Kijani, kijani. Caren alilia bila kujificha, nami nilifurahi hata nikasahau kuwapa panya chakula.

"Kaa na funguo zako, Caren," Daktari alisema. "Nisamehe."

Kisha akakaa kwenye kiti changu, uso umemshuka, akanigeukia.

"Miaka mitatu iliyopita nilifukuza mwanafunzi wangu Lenox juu ya hii kosa. Hii hii. Mbugua, unajua siku hizi ako wapi?"

Nilijua.

"Ako tao, Daktari. Anauza viatu za mitumba kwa veranda."

Alivua koti lake jeupe, akalikunja polepole.

"Twende unionyeshe," alisema.